Picha Isiyo na Mabati

Njia za kuingia Silanga ni nyingi, na kila moja ina matope yake. Mimi nilishuka Barabara ya Mbagathi, karibu na magorofa ya Nyayo Highrise, nikakata Laini Saba kwa miguu, kisha nikafuata mteremko. Upande huu wa Kibera huhitaji kuuliza sana: ardhi yote inaelekea Bwawa la Nairobi, na Silanga imekaa hapo juu yake, bati kwa bati, mpaka ukingoni. Bwawa lilijengwa mwaka 1953 ili kuliongezea jiji maji ya kunywa. Zamani lilikuwa na klabu ya mashua za matanga, watu wakija kupunga upepo na kushindana. Leo magugu maji yamelitanda kiasi kwamba mgeni atadhani anatazama konde la mtu.

Rafiki zangu Mombasa walicheka nilipowaambia nakwenda Kibera kutafuta athari za kina Jackson Pollock, Willem de Kooning, Mark Rothko na Franz Kline, wale wachoraji wa New York wa miaka ya 1940 na 1950 walioitwa waekspreshonisti dhahania. Walikuwa na haki ya kucheka. Pollock alitandaza turubai sakafuni katika banda lake huko Springs, Long Island, akawa anaimwagia rangi kwa vijiti na brashi zilizokakamaa huku akiizunguka pande zote. Rothko alipaka mistatili ya rangi, moja juu ya nyingine, mpaka mtazamaji akahisi anazama. Humo hamna mtu, hamna mti, hamna nyumba. Kibera nayo ni mahali ambapo kila anayekuja na kamera au brashi anataka nyumba, tena iliyoezekwa bati lenye kutu, na mtoto mlangoni akiwezekana. Wapi na wapi?

Jibu langu ni kopo la rangi.

Wengi wetu tukiona picha hizo kitabuni tunadhani zilichorwa kwa rangi za kifahari. Sivyo. Pollock alitumia rangi za mafuta za kupakia nyumba na magari, na ile ya fedha. De Kooning ndiye hasa ninayemtaka hapa. Alikuwa Mholanzi kutoka Rotterdam, akaingia Marekani mwaka 1926 akiwa amejificha melini, na riziki yake ya kwanza ilikuwa kupaka nyumba rangi huko Hoboken, New Jersey. Kati ya 1946 na 1948, mfukoni hana kitu, alichukua rangi nyeusi na nyeupe za nyumba, za bei nafuu, akachora nazo picha zilizomtoa. Onyesho lake la kwanza la peke yake lilifunguliwa Aprili 1948, naye anakaribia miaka 44, na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York likanunua moja. Baadhi ya picha hizo zilianzia kwenye herufi. Itazame ile iitwayo Orestes, ya 1947: herufi bado zimo, zimevimba, zimepinda, zimekataa kusomeka. Fundi wa mabango angezitambua mara moja.

Na Kibera ni mji wa mafundi wa mabango. Kutoka Laini Saba mpaka nilipofika Silanga nilikuwa nasoma tu: kinyozi mwenye vichwa vitano vilivyochorwa mlangoni, kila kimoja na mtindo wake, saluni, hoteli yenye chapati na maharage ukutani kuliko ndani, vibanda vya simu vilivyopakwa kijani kutoka chini hadi juu, makanisa, makanisa tena. Kikundi cha wachoraji kinachojulikana zaidi Kibera, Maasai Mbili, kilianzia kwenye kazi hii hii. Otieno Gomba na Otieno Kota walikuwa wakitafuta vibao vya kuandika huku wamevaa mashuka ya Kimaasai ili watu wawakumbuke. Majina yenyewe yanakwambia ni Wamaasai wa aina gani. Tangu 2001 jina hilo limebaki, na kikundi kimelea wachoraji wengi. Mmoja wao, Solomon Muyundo, ajulikanaye kama Solo7, ndiye aliyezunguka na brashi wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 akiandika kwenye kuta, mabati na milango wito wa amani, mara mamia, kwa herufi kubwa za haraka. Ukiutazama mkono wake bila kusoma, unaona ni mwili mzima unaoandika, toka begani, hakuna wakati wa kurudi kusawazisha. Sitasema Solo7 ni mfuasi wa Kline. Nasema tu kwamba mtu aliyekulia Kibera akiona picha ya Kline, ile mihimili myeusi juu ya nyeupe, haoni kitu kigeni.

Fundi niliyemwendea si maarufu, wala hapendi jina lake litajwe, kwa sababu, anasema, wateja wake wa vibao watadhani amepata pesa. Alinipokea kwenye kichochoro karibu na mtaro, kaptura yake imejaa rangi.

"Karibu, mzee. Vua viatu, kazi iko chini."

Kazi ilikuwa chini kweli. Chumba ni futi 10 kwa 10, kama vyumba vingi vya Kibera. Kitanda kimeinuliwa juu ya matofali ili makopo yapate pa kukaa. Pazia linagawa upande wa jiko. Sakafu yote iliyobaki ilikuwa imetandikwa amerikani, kile kitambaa cha pamba ambacho mababu zetu wa Pwani walikipokea kutoka kwenye meli za Salem, Massachusetts, na ambacho wachoraji wengi wa Nairobi hukitumia badala ya turubai ghali. Amekipaka rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na gundi ya mbao. Kitambaa ni kirefu kuliko chumba. Sehemu iliyokauka imeviringishwa upande wa mlango, na isiyochorwa imeviringishwa chini ya kitanda. Anachora kipande kilichopo katikati, anasubiri kikauke, anaviringisha, anavuta kingine. Picha nzima hajaiona. Ataiona atakapoipeleka uwanjani na kuikunjua, watoto wakisaidia kushika pembe.

Nilimtazama akianza. Alichukua brashi bapa ya herufi akaandika neno HOTELI kwa rangi nyekundu ya mafuta, safi kabisa, kama anayelipwa. Herufi alijifunzia Kawangware, kwa fundi mzee aliyekuwa na kibanda karibu na steji ya matatu za 46. Fundi yule alimfundisha kupiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, kisha kuanza na herufi ya katikati na kwenda nje pande zote mbili, ili neno lisije likakwama ukingoni. Baada ya HOTELI akapaka rangi ya maji nyeupe juu ya nusu ya neno. Kabla haijakauka, akazimua nyekundu kwa tina nyingi, akaimwaga kwa kikombe cha plastiki kilichotobolewa. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Rangi ya mafuta ikitua juu ya rangi ya maji iliyo mbichi haikubali kulala. Inajikunja, inajikusanya kwenye vijidimbwi, inaacha mianya, na chini ya mianya ile ule mguu wa herufi L unachungulia. Akainamisha kitambaa kwa kukinyanyua ncha moja. Vijidimbwi vikatafutana. Harufu ya tina ikatutoa machozi, tukatoka nje sote wawili.

"Pollock nimemwona kwa simu," akaniambia tukiwa nje. Alimaanisha filamu ile fupi ya Hans Namuth, aliyempiga picha Pollock akifanya kazi mwaka 1950. "Yule jamaa alikuwa na ghala zima la kuchoria. Na rangi alikuwa anamwaga kama haina mwenyewe. Mimi hii ni robo lita, mzee. Nikimwaga vibaya, wiki imekwisha."

Maneno haya yalinikaa. Wahakiki wa New York waliandika sana kuhusu uhuru wa mkono, mchoraji anayejitupa kwenye turubai bila kujua itakuwaje. Huku Silanga mkono ule una hesabu. Kila tone lina bei, na bei inaonekana kwenye picha: matone ya fundi huyu ni machache, yamepangwa, na nafasi nyeupe ni kubwa. Niliona hilo ni zuri, wala si umaskini.

Ukitaka kumtafutia mwenzake huko Springs, usimtazame Pollock. Mtazame mkewe, Lee Krasner. Pollock alipokuwa na banda, Krasner alikuwa akichora kwenye chumba kidogo cha kulala ghorofani, na kati ya 1946 na 1950 akatoa humo mfululizo wa picha ndogo zilizosongamana alama ndogo ndogo, mfano wa maandishi ambayo hayasomeki. Baadaye akachana picha zake za zamani na kubandika vipande vyake kuwa picha mpya, hakutupa kitu. Pollock alipofariki kwa ajali ya gari Agosti 1956, Krasner akahamia bandani, na picha zake zikapanuka ukuta mzima. Mkono ulikuwa ule ule, kilichobadilika ni paa. Tunaposifu ukubwa wa picha za Wamarekani wale, tukumbuke kwamba nyuma ya ukubwa kulikuwa na mtu mwenye ghala.

Tulikwenda kunywa chai kwa mama mmoja anayekaanga mandazi penye njia panda. Ukuta wa kibanda cha pili ulikuwa umejaa mabango ya uchaguzi, tabaka juu ya tabaka, wagombea wapya juu ya wale wa 2022, na hao juu ya wa 2017. Mtu alikuwa amechana pembe moja. Ndani yake yalionekana macho ya mgombea mmoja juu ya kidevu cha mwingine, kisha wino wa bluu uliolowa mvua, kisha gundi ya unga iliyoliwa na mende, kisha udongo. Fundi alisimama pale muda mrefu huku kikombe mkononi. Nikamweleza habari za Mark Bradford wa Los Angeles, mtoto wa msusi, ambaye mwenyewe alisuka nywele katika saluni ya mamake kabla ya kuwa mchoraji. Alianza kwa kubandika vile vijikaratasi vya kupindia nywele, kisha akawa anakusanya mabango ya barabarani, anayabandika tabaka kwa tabaka na kuyapiga msasa mpaka yatoe ramani isiyokuwa ya mji wowote. Mwaka 2017 ndiye aliyeiwakilisha Marekani katika maonyesho ya Venice. Bradford ni mjukuu halali wa Pollock na Krasner. Nyumba yao ameijaza mambo ya mtaani kwake.

"Kwa hiyo hii ukuta ni pesa," fundi akasema.

"Ukiiona wewe kwanza," mama wa mandazi akamjibu, wala hakugeuka.

Yapo mambo yasiyopendeza katika historia hii, na Nairobi imo ndani yake. Picha hizi za Wamarekani hazikusafiri peke yake. Mwaka 1958 na 1959 Jumba la Sanaa za Kisasa la New York lilizizungusha katika miji minane ya Ulaya, wakati wa vita baridi, zikawa ushahidi kwamba Marekani msanii hufanya apendavyo ilhali Urusi huambiwa achore mfanyakazi na nyundo. Wanahistoria bado wanabishana mkono wa serikali ulikuwa mrefu kiasi gani. Ila jambo moja halina ubishi. Kituo cha sanaa cha Chemchemi, kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1963 chini ya mwandishi wa Afrika Kusini Ezekiel Mphahlele, kilipata fedha kutoka Kongresi ya Uhuru wa Utamaduni, yenye makao yake Paris, na mwaka 1966 na 1967 magazeti ya Marekani yakafichua kwamba nyuma ya kongresi hiyo ilikuwapo CIA. Mphahlele aliondoka Nairobi. Chemchemi ilikauka.

Kwa hiyo anayesema kwamba uchoraji usio na umbo ni bidhaa ya kuletwa ana hoja. Elimo Njau, Mtanzania wa Marangu aliyeshiriki kuanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, aliishi kwa kauli kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi, na nadhani kauli hiyo ilimlenga mwenye kunakili New York sawasawa na mwenye kunakili London. Lakini hoja hiyo haifiki mbali. Gebre Kristos Desta wa Harar alikwenda kusoma Cologne, akarudi Addis Ababa mwaka 1962 na picha zisizo na watu, akashambuliwa kwamba ameleta Uzungu, na mwaka 1965 akapewa tuzo ya Haile Selassie. Alifundisha kizazi kizima kabla ya kwenda uhamishoni, akafia Lawton, Oklahoma, mwaka 1981. Leo Addis ina makumbusho yenye jina lake. Theresa Musoke wa Uganda, aliyeishi Kenya zaidi ya miaka ishirini, aliacha rangi itiririke kwanza, ndipo punda milia na nyumbu wakajitokeza kwenye madoa. Hakuna aliyewalipa hawa wawili wapendelee doa kuliko mstari. Walipata ruhusa mahali fulani, wakaitumia kwa mambo yao.

Na ruhusa ndiyo anayoitafuta fundi wa Silanga, kwa sababu mchungaji wake si CIA. Ni mteja. Ukutani kwake ameegemeza mafungu mawili. Fungu moja ni picha ndogo za mabati, reli, watoto, bodaboda, zimechorwa vizuri, kwa haraka ya mtu aliyezichora mara nyingi. "Hizi ndizo zinalipa nyumba," akasema. Wageni wanaoletwa kutembezwa Kibera hununua hizo. Fungu la pili ni vitambaa vilivyoviringishwa. Mgeni mmoja alikunjua kimoja, akamuuliza kwa upole Kibera iko wapi humo.

Sikuweza kucheka. Swali hilo haliulizwi mchoraji wa Lavington, mtaa wa matajiri. Aliyezaliwa Lavington akipaka mistatili miwili ya rangi, tutasema anatafakari. Aliyezaliwa Silanga akifanya hivyo, tunamwona kama shahidi aliyegoma kutoa ushahidi. Hata kazi kubwa za wageni zilizofanyika hapa, nyingine nzuri sana, zimekuwa za uso na ujumbe. Januari 2009 Mfaransa JR alifunika mita za mraba 2,000 za mapaa ya Kibera kwa macho na nyuso za wanawake, zilizochapwa kwenye plastiki isiyopitisha maji, hivyo wenye nyumba wakapata sanaa na kinga ya mvua kwa pamoja. Ni werevu wa hali ya juu. Ila nilichokipenda zaidi ni kile kilichofuata miaka michache baadaye, msikiti na makanisa ya Kibera yalipopakwa manjano, manjano tupu, hamna uso wala neno. Ulihusu amani kati ya dini, mradi ule, na watu waliueleza kwa maneno mengi. Rangi yenyewe haikuhitaji hata moja.

Nisije nikaonekana naabudu. Picha nyingi zisizo na umbo jijini Nairobi ni mapambo ya mapokezi, zimechaguliwa zilingane na makochi. Rothko aliogopa jambo hilo hilo: alikubali mwaka 1958 kuchorea mkahawa wa kifahari wa New York, akala humo siku moja, akarudisha pesa. Na baadhi ya vitambaa vya fundi wangu ni vibaya, hilo nilimwambia, naye akakubali viwili akakataa cha tatu. Lakini yuko Justus Kyalo, mchoraji wa Nairobi wa kizazi kilichotangulia, ambaye amechukua mabati yenyewe, akayatia kemikali, akayaacha yale kutu mpaka rangi ikatoka ndani ya chuma. Huyo hachori bati. Bati ndilo picha, na mtu akisimama mbele yake hamuulizi Kibera iko wapi.

Jioni tulikibeba kile kitambaa mpaka uwanjani, kimekauka nusu. Watoto walishika pembe, mmoja akaachia akaenda zake. Herufi za HOTELI zilikuwa zimetawanyika, E imebaki nzima, nyingine zimeyeyukia nyeupe. Upande wa kulia ulikuwa mzito mno. Fundi aliuona kabla sijasema, akapima kwa kiganja mahali pa kukata.

Mashine za kuchapisha mabango ziko kila kona ya mjini sasa, na vibao vya mkono vinapungua kila mwaka. Mafundi hawa watabaki na brashi, makopo na ujuzi wa herufi usio na mteja. Wewe unayekwenda Kibera kununua picha, iwe kwa Maasai Mbili au kwa fundi wa kichochoroni, nunua ile ya mabati ukiipenda, hakuna ubaya. Kisha muombe akutolee zile zilizoviringishwa chini ya kitanda, uulize bei yake, na usishushe.